Wapendanao Wakihamia Mkuyuni

Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mswada mrefu kwa lugha ya Kikerewe na kuupa majina ya watu wanne wa nyumba moja: Bwana Myombekere, mkewe Bugonoka, mwana wao Ntulanalwo na binti yao Bulihwali. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inamalizika. Wakulima wa kandokando ya ziwa walikuwa wameshazoea kulima pamba ili wapate fedha ya kodi, watoto walikuwa wakisomea misheni, na reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia katika kitabu. Kitereza aliwarudisha wapendanao wake nyuma kabisa, kabla ya bendera ya Mjerumani, katika Ukerewe iliyokuwa chini ya Omukama, mtawala wake wa jadi, ambako ndoa ilifungwa na kuvunjwa kwa desturi za pale pale. Jambo alilolifanya linatupa mwanga juu ya kazi ambayo waandishi na watengeneza filamu wa dunia nzima wanaifanya leo kwa wingi, yaani kuzichukua hadithi maarufu za mapenzi na kuzipandikiza katika nchi nyingine na zama nyingine. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya namna hiyo haihami kwa kubadilishiwa majina, mavazi na chakula. Huhama pale tu kinachowatenganisha wapendanao kinapoundwa upya kutokana na sheria, mila na uchumi wa mahali inapofikia. Historia ya maandishi ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, ni ushahidi mzuri wa jambo hili kuliko tulivyozoea kufikiri.

Kitereza hakuandika katika nchi isiyojua riwaya za kuhamishwa. Mwaka 1929 wasomaji wa Kiswahili walipewa *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*, kazi za Rider Haggard na Robert Louis Stevenson zilizotafsiriwa na Frederick Johnson, mtu aliyekuja kuwa na sauti kubwa katika Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Mwaka 1940 kikatoka *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na hapo mtu alijaribu kwenda mbele kidogo, kwa kuwa picha za kitabu kile zilimchora Elisi kama msichana wa Kiafrika. Halafu mwaka 1948 ikaanzishwa East African Literature Bureau, na vitabu vikaongezeka. Lakini tazama vilivyopewa nafasi ya kwanza: safari, hazina, mapango, maharamia. Wachapishaji wakubwa walikuwa serikali na misheni, wasomaji waliolengwa walikuwa wanafunzi, na mapenzi ya mwanamume na mwanamke hayakuhesabiwa kuwa somo la kumfundishia mtoto kusoma. Mvulana wa Mwanza aliweza kumfuata Allan Quatermain wa Haggard hadi kwenye almasi, ila hakupewa hadithi ya binti anayepima kama mwanamume aliyeleta posa anamfaa. Kwa sababu hiyo riwaya ya mapenzi ya eneo hili haikuzaliwa katika tafsiri za shule. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa akiandika katika lugha ambayo hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kuigharamia.

Mtu huyo alizaliwa 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi na kujifunza Kilatini pamoja na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padri. Alirudi nyumbani, akamwoa Anna, na watoto waliowazaa walikufa wote wakiwa wachanga. Msomaji anayefungua riwaya yake bila kulijua hilo ataiona kama kumbukumbu ya mila. Akishalijua, kila ukurasa unaohusu nyumba isiyo na mtoto hubadilika uzito wake. Padri Almas Simard, mmisionari Mkanada wa shirika la White Fathers, ndiye anayekumbukwa kwa kumtia moyo aandike maisha ya wazee yasije yakasahaulika. Kwa ombi la namna hiyo mtu mwingine angeandika orodha ya mila, sura ya kilimo, sura ya mazishi, sura ya tiba. Kitereza alichagua kuandika habari za mume na mke.

Mkasa wenyewe ni huu. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawajapata mtoto anayeishi. Ndugu za mume wanamsema Bugonoka, maneno yanawafikia wazazi wake, nao wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere angeweza kuufanya ugomvi ule uwe nafasi ya kutafuta mke wa kumzalia. Badala yake anakwenda ukweni kuomba. Baba mkwe, Namwero, hamfukuzi wala hamrudishii mke bure, bali anamtoza faini ya pombe ya ndizi. Kuanzia hapo mwandishi anatuonyesha kwa utulivu mkubwa kazi inayohitajika mpaka pombe ipatikane: ndizi, vyombo, majirani, siku, fadhila za kuomba na za kulipa. Baadaye Bugonoka anarudi, mganga anamtibu, Ntulanalwo anazaliwa, kisha Bulihwali, na riwaya inaendelea hadi maisha ya watoto hao. Riwaya nyingi za Ulaya za karne ya 19 huishia kwenye harusi, maana yote yaliyowazuia wapendanao yalikuwa kabla ya harusi. Hapa harusi imeshapita kitabu kinapoanza. Adui wa mapenzi amekuja baada ya mahari kulipwa, na amekaa nyumbani, katika midomo ya mashangazi na mabinamu. Kumshinda adui huyo hakuhitaji kutoroka usiku. Kunahitaji mwanamume akubali kunyenyekea mbele ya wakwe na kufanya kazi kwa mikono yake.

Je, hadithi hii ilitoka wapi? Ilitoka Ukerewe, bila shaka, na kwa sehemu ilitoka katika nyumba ya mwandishi mwenyewe. Lakini Kitereza alikuwa mwanaseminari aliyekulia katika Biblia, na katika kitabu cha kwanza cha Samweli kuna nyumba inayofanana sana na hiyo. Elkana anampenda mke asiye na mtoto, mke huyo anachokozwa kila mwaka mpaka anakosa hamu ya kula, na mume anajaribu kumliwaza kwa kumkumbusha kwamba upendo wake una thamani kuliko wana wengi. Mke yule anaitwa Hana, na mke wa Kitereza aliitwa Anna, ambalo ni jina lile lile. Sidai kwamba aliinakili hadithi ya Hana, wala hakuna haja ya kudai hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye elimu ile na msiba ule hakuweza kuandika juu ya mume anayemtetea mke tasa bila Elkana kuwa karibu naye. Kama ndivyo, basi tunayo hapa simulizi ya kale sana iliyopata makao mapya kwa njia kamili. Hekalu la Shilo limeondoka, na mahali pake amekuja mganga wa mitishamba. Uchokozi wa mke mwenza umekuwa masengenyo ya ukoo. Sala imegeuka kuwa faini ya pombe. Kilichobaki ni upendo unaokataa kupimwa kwa hesabu ya watoto. Hakubadilisha mavazi peke yake, alibadilisha chombo kizima kinachowabana wapendanao, na ndiyo maana hakuna msomaji anayehisi kwamba Myombekere ni Mwebrania aliyevishwa ngozi ya mbuzi.

Wapo watakaopinga mapema kwamba kitabu hiki si riwaya ya mapenzi kamwe, kwamba ni ensaiklopidia ya Wakerewe iliyofungwa kwa uzi mwembamba wa hadithi. Pingamizi hili lina nguvu, kwa sababu kurasa ni zaidi ya 600 na nyingi zinaeleza namna ya kulima, kuvua, kutibu, kusalimiana na kugawana nyama. Hata hivyo jaribu kuziondoa kurasa hizo ubaki na mapenzi matupu. Utaondoa pia uzito wa alichokifanya Myombekere. Msomaji asiyejua pombe ya ndizi inapikwaje, inachukua siku ngapi, na mtu mmoja hawezi kuipika bila watu wangapi, hataelewa kwamba faini ile ni kipimo cha upendo. Jane Austen naye hutaja kipato cha kila mwanamume kwa mwaka, tena mapema, na hakuna anayemshitaki kwamba ameandika kitabu cha uhasibu. Maelezo ya uchumi katika riwaya ya mapenzi ndiyo yanayotuonyesha nani anaweza kumpata nani na kwa gharama gani. Kitereza aliyaweka mengi kwa sababu aliandikia watu waliokuwa wanaanza kusahau gharama hizo.

Safari ya mswada wenyewe ilikuwa ndefu kwa namna ya kusikitisha. Kikerewe hakikuwa na soko, hivyo mwandishi alilazimika kuitafsiri kazi yake kwa Kiswahili, kwa mkono wake, akiwa mzee mgonjwa. Watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuwa Ukerewe kwa utafiti, walimsaidia kuitafutia njia na mwaka 1972 wakaandika makala iliyomtambulisha kwa wasomi wa nje. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na Kitereza akafariki 1981. Baadaye Wilhelm Möhlig alikitoa kwa Kijerumani katika sehemu mbili, 1991 na 1993, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine aliyezaliwa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza mwaka 2002. Wasomaji wa lugha za kigeni wamekisoma kama habari za ulimwengu wa mbali. Ni hasara kwetu kwamba watu wa Mwanza, wanaoweza kuiona meli ya Nansio, Ukerewe, ikiondoka bandarini, wengi wao hawajakisoma kwa namna yoyote.

Wakati mswada wa Kitereza ungali unasubiri, kisiwa kile kile kilitoa riwaya nyingine ya mapenzi ambayo inapaswa kusomwa pamoja nao. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971. Mahali ni pale pale Ukerewe, lakini zama zimeruka. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayemchapa vikali kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Hapa kinachowatenganisha vijana si wakwe waliotukanwa. Ni barua, na barua inawezekana kwa sababu wote wawili wamekwenda shule. Ni bweni, linalomtoa binti kwenye macho ya baba aliyemfunga mno na kumwacha bila ujuzi wowote wa kujilinda. Ni walimu na wakubwa wenye fedha. Ni wazo la usafi wa msichana, lililorithiwa kwa wazee na kutiwa nguvu na kanisa, ambalo mwishoni linamfikia Rosa kwa njia ya mwanamume aliyedhani atamwoa, naye anajiua. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, kisha kikaruhusiwa na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa.

Kezilahabi hakuwa akimjibu Kitereza, kwa kuwa kitabu cha mzee kilikuwa bado mswada. Lakini tukiviweka pamoja tunaona jaribio ambalo hakuna aliyelipanga, ardhi moja katika zama mbili, na mapenzi yanayobanwa na vitu tofauti kabisa. Na hapa ndipo linapojibiwa pingamizi jingine, zito zaidi, kwamba Kitereza anautukuza utaratibu wa kale uliomweka mwanamke chini. Ni kweli kwamba Bugonoka anachukuliwa na kurudishwa kwa mapatano ya wanaume, na kwamba utasa unahesabiwa kuwa wake kabla ya kuwa wa mumewe. Msomaji wa leo ana haki ya kuumia. Ila ukoo uliomchukua Bugonoka ulikuwa pia ukoo unaosema kwamba binti yetu hawezi kudharauliwa bila mtu kulipa. Rosa hana wa kudai faini kwa niaba yake. Baba yake anajua kupiga tu, shule inajua kufukuza tu, na mume mtarajiwa anajua kuuliza swali moja tu. Mtu akisoma riwaya hizi mbili kwa pamoja hatamani kurudi zama za Omukama, wala hadanganyiki kwamba zama mpya zilimpa binti uhuru bila kumnyang'anya ulinzi. Ujuzi wa aina hii haupatikani katika riwaya moja peke yake, na ndiyo faida kubwa ninayoiona katika kusimulia mapenzi ya aina moja kwa zama tofauti.

Sasa tulete wageni. Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kwenye barabara ya Kenyatta inayotoka katikati ya jiji kupitia Igogo kuelekea Butimba na Nyegezi. Upande mmoja kuna vilima vya mawe ambavyo nyumba zimepanda hadi juu ya miamba, upande mwingine kuna ziwa, na Bandari ya Mwanza Kusini haiko mbali. Tuseme mwandishi anataka kuihamishia hapo *Pride and Prejudice* ya Jane Austen, iliyochapishwa 1813. Sehemu nyepesi ataimaliza kwa siku moja. Dansi za Meryton zitakuwa sherehe za kuwaaga mabinti, Bi Bennet atakuwa mama asiyekosa kikao cha kamati ya harusi wala daftari la michango, Darcy, mwanamume tajiri wa riwaya ile, atakuwa na mabasi au kiwanda cha samaki, na barua ya posa itakuja na mshenga. Yote hayo yatachekesha na kupendeza, lakini hadithi haitasimama. Hofu inayoendesha riwaya ile ni ya ardhi. Mzee Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, na shamba limefungwa kisheria liende kwa ndugu wa kiume, Bwana Collins. Akifa, mabinti watatolewa nyumbani. Ukiondoa hofu hiyo, Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, anapomkataa Collins anafanya jambo la kawaida. Ukiiacha, kumkataa kwake ni ushujaa, kwa sababu anahatarisha paa la mama na dada zake.

Hofu hiyo ipo kandokando ya ziwa, na imeandikwa katika sheria. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti katika daraja la tatu la urithi na kuwawekea mipaka juu ya ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu mjini Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na ndugu wa ukoo akafungua kesi kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila iliyomruhusu mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke kwa sababu ya jinsi yake ilikuwa kinyume cha Katiba, akamthibitishia yule mama haki yake. Nikiisoma hukumu ile namwona Bwana Collins akishindwa mahakamani. Mwandishi anayetaka kumleta Elizabeth Bennet Mkuyuni hana haja ya kubuni. Amweke baba mwenye mabinti watano na kiwanja alichokinunua au shamba alilolirithi kijijini, amweke binamu anayejua mila kuliko anavyojua utu, na achague mwaka. Akichagua 1985, binamu ana nguvu zote. Akichagua 1995, binti anaweza kwenda mahakamani, lakini kufanya hivyo kunagharimu nauli, wakili na uhusiano na ukoo mzima, na hapo mwanamume mwenye fedha anayejitolea kumlipia wakili kwa siri anafanya jambo ambalo Darcy angelielewa. Kubadilisha muongo mmoja kunabadilisha mapenzi yenyewe.

*Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, inaleta ugumu mwingine. Jane anafika madhabahuni ndipo inapogundulika kwamba Rochester ana mke hai, mgonjwa wa akili, aliyefichwa ghorofani. Uingereza ya wakati ule haikumpa njia yoyote. Mhamishie Rochester Mkuyuni, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautikisa mkasa wote, kwa kuwa sheria hiyo inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Rochester Mwislamu, au aliyeoa kimila, hana haja ya kumficha mke wa kwanza ili aoe wa pili. Basi amfiche kwa nini? Mwandishi mvivu atalipuuza swali hilo na riwaya itapwaya. Mwandishi makini atamfanya Rochester awe amefunga ndoa kanisani, ndoa ambayo sheria hairuhusu igeuzwe kuwa ya wake wengi, au ataacha suala la uhalali na kushika suala la aibu. Familia inayomficha mgonjwa wa akili ndani kwa miaka kwa kuogopa kuambiwa imerogwa ipo katika kila jiji la nchi hii. Hapo mke aliyefichwa anakuwa mtu badala ya kuwa kikwazo, jambo ambalo Jean Rhys aliliona tayari mwaka 1966 alipomwandikia mwanamke huyo riwaya yake mwenyewe, *Wide Sargasso Sea*. Nchi mpya imeilazimisha hadithi ya zamani ijibu swali ililolikwepa.

Kazi ya namna hii watu wenye uhusiano na Afrika Mashariki wamekwisha kuifanya, ingawa mbali na ziwa. Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kukulia London, ndiye aliyeipeleka *Pride and Prejudice* Amritsar katika filamu ya *Bride and Prejudice* ya 2004. Alielewa kwamba urithi wa shamba haungetisha familia ile ya Kihindi, kwa hiyo akaweka mahali pake mwanamume tajiri wa Marekani anayekuja India akiidharau, na mama anayewatafutia mabinti wachumba walioko ng'ambo. Mira Nair, aliyeishi Kampala kwa miaka mingi, katika *Mississippi Masala* ya 1991 alichukua mkasa wa kale wa vijana ambao koo zao hazipatani, akauwekea sababu ambayo mtu wa Kampala hawezi kuisahau, yaani amri ya Idi Amin ya 1972 iliyowafukuza Wahindi wa Uganda. Baba wa binti yule hamkatai kijana mweusi wa Mississippi kwa ubaya wa moyo tu. Anamkataa akiwa amebeba nyumba, nchi na rafiki alivyovipoteza. Filamu zote mbili zinasimama kwa sababu kizuizi ni cha kwao.

Kuna wanaoona kwamba juhudi zote hizi ni utumwa wa mawazo, kwamba mtu wa Mwanza akimshughulikia Austen anaendelea na kazi ya shule za kikoloni. Ningelikubali kama kuhamisha hadithi kungekuwa kupokea tu. Lakini watazamaji wetu hawajawahi kupokea tu. Katika vibanda umiza vya kuonyeshea video, ambako wasimulizi kama Lufufu wa Dar es Salaam walizisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili, msimulizi aliongeza, alipunguza, aliwaonya wahusika na kuwapa tabia za mtaani. Filamu ya *Titanic* ya 1997 ilipofika, Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha michoro kwa Kiswahili, *Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic*. Kandokando ya ziwa mkasa ule ulikuta jeraha bichi, kwa kuwa MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Mtu angeweza kuharakisha kuwaweka Jack na Rose, wapendanao wa *Titanic*, ndani ya MV Bukoba. Naona asingefanya vema. Katika *Titanic* wapendanao wanatenganishwa na matabaka ya abiria, na ajali inakuja kulihukumu tabaka la juu. Waliokufa ziwani waliuawa na uzembe, na jamaa zao wako hai. Kuhamisha hadithi ni pamoja na kujua wapi haijapata ruhusa ya kwenda.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa mara nyingi zaidi, kwamba moyo ni ule ule kila mahali, na hivyo mapenzi yakiandikwa vizuri hayahitaji kutengenezewa vizuizi vipya. Nakubali nusu ya kwanza. Huzuni ya Bugonoka anaporudishwa kwao inaeleweka Berlin kama inavyoeleweka Nansio, la sivyo kitabu kisingesomwa kwa Kijerumani. Ila tunaijua huzuni hiyo kwa sababu tumeona njia anayorudishwa, nani anatangulia, nani anabeba nini, na nini kitadaiwa ili arudi. Moyo usio na mahali hausomeki. Na dalili nzuri ya kwamba Kitereza alitunga riwaya kuu ya mapenzi ni kwamba yeye naye anaweza kuhamishwa sasa. Mchukue Myombekere umpangishe chumba Mkuyuni, akifanya kazi bandarini, na Bugonoka akiuza dagaa. Miaka inapita bila mtoto. Dada zake Myombekere wanaanza kusema, safari hii kwa simu na katika kundi la familia la WhatsApp ambalo Bugonoka pia yumo. Wazazi wa Bugonoka wanakuja na basi kumchukua. Kisha mtu anawashauri waende Hospitali ya Bugando, na daktari anasema atawapima wote wawili, si mke peke yake. Ukerewe ya Omukama haikuwa na kipimo hicho, na faini ya Namwero ilipangwa na watu waliodhani wanajua tatizo liko kwa nani. Mwandishi atakayeishika kalamu hapo atalazimika kuamua majibu yanasema nini, Myombekere anayasoma akiwa na nani, na kama yeye ndiye mgonjwa, ni nani sasa anayetakiwa kwenda kwa wakwe kuomba.